Gari Isiyoingia Risasi Ilivyokwama kwa Posho Mil

Wacha nianze na mkebe, kwa sababu gari ilikuja baadaye.

Kijana yangu wa kwanza anauza mbuzi na kondoo. Anakaa Nakuru mjini na bibi yake na watoto, lakini kazi yake iko huku juu kwa masoko. Wachinjaji wanaonunua kwake, wengi walikuwa wanalipa na noti. Kwa hivyo kila Alhamisi, soko ikiisha, alikuwa anashuka na pesa kwa gari, anapitia kwangu hapa Bahati, anakunywa chai, anabeba maziwa ya watoto, ndio anaenda nyumbani. Alikuwa na mikebe mbili, zile za maziwa zinang'aa. Moja ni ya maziwa kweli. Ile ingine, kifuniko imefungwa na kitambaa nyekundu, ni ya pesa. Mtu akichungulia ndani ya gari anaona maziwa na maziwa, basi. Hiyo akili niliipenda sana. Baba yake alikuwa hivyo pia, alikuwa anaficha tumbako ndani ya redio siku pasta akitutembelea.

Sasa Alhamisi moja, saa tisa mchana, jua imewaka vizuri, alitoka kwangu, na kabla afike lami akapata mti umelazwa barabarani. Vijana watatu. Mmoja akapiga risasi kwa mlango wa gari. Hakumpiga yeye, alipiga mlango, ndio ajue si mchezo. Hawakumuuliza pesa iko wapi. Hawakupekua hata. Walifungua nyuma, wakaacha mkebe wa kwanza hapo ilikuwa, wakachukua ile ya kitambaa nyekundu. Mkubwa wao akamwambia, "Leo umechelewa, mzee. Haya, maziwa pelekea watoto." Wakaenda na miguu. Ati hawakukimbia.

Alipokuja wiki iliyofuata alinionyesha ile shimo. Ilikuwa mahali goti inakaa. Niliweka kidole, ikaingia mpaka kwa pete. Nikasema Mungu ni mkubwa, nikarudi kwa sufuria, kwa sababu mukimo ilikuwa inashika chini.

Lakini kijana yangu hakuwa yule wa zamani. Akikuja alikuwa anaangalia gari yake kwanza, anaizunguka, ndio anaingia. Jikoni alihamisha kiti, akakaa akiangalia mlango. Chai anakunywa nusu. Mtu mkubwa wa miaka arobaini na kitu, ana tumbo, ana shamba la miti, anashtuka kuku ikiruka. Mzazi akiona hiyo haulizi mambo mengi. Anapika, anangoja aambiwe.

Siku moja akaniambia.

"Mum, nimeona gari."

"Hiyo unayo imefanya nini? Ziba hiyo shimo na rangi."

"Nimeona gari isiyoingia risasi."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamuuliza kama sasa amekuwa rais. Akasema hapana, siku hizi wanauzia hata watu wa kawaida. Na uzuri yake ni hii, ukiiona huwezi jua. Ni gari kama ya mwalimu mkuu. Chuma iko ndani ya milango, imefichwa, kioo nene lakini inafanana na kioo. Mwizi anapiga, risasi inakwama, wewe unakanyaga mafuta unaenda zako.

Nikamuuliza ni bei ya ng'ombe ngapi. Akaangalia chini.

"Hiyo si bei ya ng'ombe, mum. Ni bei ya kile kishamba cha chini."

Hapo nikaacha kucheka. Kishamba cha chini ndio kinakaa karibu na mto, na taito ya shamba iko kwa jina yangu tangu mzee wangu aende. Napanda waru, viazi zetu za huku, napanda maharagwe, sukuma wiki haikauki hata kiangazi. Hicho kishamba ndicho kimefanya sijawahi kuenda kwa mlango wa bibi ya mtoto wangu kuomba unga. Hapa juu kwa nyumba kuna nafasi ya ng'ombe moja na kuku tu.

Sikukataa, msifikiri nilikataa. Nililala na hiyo maneno siku mbili. Shamba ni shamba, lakini shamba halizikwi na mtu, ni mtu anazikwa ndani yake. Nikampigia simu, nikamwambia, lete hiyo gari niione. Hata mbuzi wewe mwenyewe hununui bila kuangalia meno.

Walikuja nayo wiki ya mvua. Kijana yangu na muuzaji, kijana wa mjini wa viatu ya kuchongoka, alishuka akakanyaga matope ya ng'ombe mara moja, nikamhurumia. Gari ilikuwa ya kijivu, ya juu kidogo, na haki ya Mungu ilikuwa ya kawaida kabisa. Niliizunguka kama mara tatu nikitafuta. Nilitarajia hata mdomo ya bunduki itokee mahali. Hakuna kitu.

"Fungua mlango, shosho," muuzaji akaniambia, kama mimi ni nyanya yake.

Nilivuta. Haikukuja. Nikavuta na mikono mbili, ikakuja polepole kama mlango wa stoo ya mahindi. Akanionyesha kioo pembeni, imekuwa nene kama Biblia ile ya kanisani ya kusomea mbele. Nikagonga na kidole, ikalia kama ukuta.

"Hii inazuia bunduki zote?"

"Zile ndogo, shosho. Za mkononi. Kuna zile kubwa za kijeshi, hizo ni lazima ununue ingine ya bei ya juu, na nzito zaidi."

"Kwa hivyo mwizi akija namuuliza kwanza amebeba gani?"

Kijana yangu akasema, "Mum."

"Si ninauliza! Ni shamba langu linauliza."

Yule muuzaji alikuwa mtu wa adabu, alicheka, na lazima niseme hakudanganya. Alisema hii gari si nyumba ya kujifungia. Haijatengenezwa ukae ndani wakikupiga. Kazi yake ni kukupatia dakika moja au mbili, utoroke. Alisema pia inakula mafuta, inakula magurudumu, inakula breki, kwa sababu kila siku ni kama umebeba fahali mbili za maonyesho. Halafu akasema neno moja, na hiyo neno nilikuja kuikumbuka baadaye.

"Nguvu yake ni siri, shosho. Watu wasijue. Wakijua, watakuja na kitu kubwa, ama watangoja ushuke."

"Nani atajua?" nikasema. "Sisi ni watatu tu."

Wakasema twende nikajaribu kukaa. Sasa hapa nitasema ukweli, kwa sababu kuna watu wa Bahati watasoma. Nilikuwa na unga ya kutosha kwa nyumba. Lakini nilichukua debe ya mahindi, nikasema tupitie posho mil, kwa mashine ya kusaga. Nilitaka kuonekana. Miaka yangu yote nimeenda huko na debe kwa mgongo, kamba kwa kichwa. Nikajifunga kitambaa ile ya harusi, nikakaa mbele.

Ndani ilikuwa kimya. Kimya mpaka masikio yangu ilikuwa inalia. Tukapita kwa akina mama wanauza kabeji, nikaanza kusalimia, nikaona midomo yao inaenda na sauti hakuna. Nikatafuta mahali ya kufungulia kioo.

"Haifunguki, shosho," muuzaji akasema kutoka nyuma. "Ya dereva peke yake, na ni kidogo tu, kama upana wa mkono."

"Sasa nitasalimia watu na nini?"

"Wapungie."

"Kama mtu wa kura?"

Nikapunga. Wale mama wakaangaliana. Huku kwetu ukipita mtu bila kumuuliza ameamkaje, ng'ombe yake inaendeleaje, yule mgonjwa wake amepata nafuu, jioni wanasema umeshiba. Nikamwambia kijana yangu asimame nishuke nisalimie. Akasema gari kama hii haisimami-simami. Tukabishana kidogo, na nafikiri ni hiyo ubishi ilifanya asiangalie barabara, kwa sababu pale kona ya posho mil kuna matope ambayo kila mtu anajua, unapitia juu kwa nyasi. Yeye akapitia katikati.

Ikashuka. Sijawahi kuona gari inashuka hivyo. Ilikaa chini kama ng'ombe imechoka.

Sasa mjue hiyo kona. Kila mvua gari zinakwama hapo, na watu wa posho mil wameshakuwa mafundi wa kusukuma. Wako na hesabu yao. Gari ndogo, watu wanne. Pikapu, sita, na kama imebeba waru, nane. Ile basi ya shule ilitolewa na kumi na mbili. Hakuna mtu anaitwa. Ukikwama, wanawacha foleni ya mahindi, wanavua viatu, wanakuja. Na baadaye hakuna malipo, ni asante, na kama uko na chai nyumbani unasema kuna chai.

Wakaja sita. Mwenye kuhesabu ni jirani yangu mmoja mzee, aliwahi kufanya kazi ya reli kule Longonot, ana sauti. "Moja, mbili, eeh!" Hakuna. "Moja, mbili, eeh!" Ilitikisika kama inakataa na kichwa. Wakaongezeka wakawa kumi. Wakawa kumi na tano, ukihesabu mama wawili wa nguvu na mtu mmoja wa kanisa na tai yake. Hakuna.

Jirani yangu akasimama, akajipangusa, akaja kwa kioo ya dereva, ile inafunguka upana wa mkono.

"Kijana, umebeba nini humu?"

"Hakuna, mzee."

"Kumi na tano. Basi ya shule ni kumi na mbili, na watoto wakiwa ndani. Umebeba nini?"

"Hakuna kitu, mzee, kweli."

Wakaenda nyuma wakachungulia. Wakaona debe yangu ya mahindi peke yake. Hapo ndio maneno ikaanza. Mmoja anasema, labda ni dhahabu. Mwingine anasema, mafuta ya wizi, wanaficha chini. Kijana mmoja wa bodaboda, hawa hawana heshima, akasema kwa sauti, "Aaah, hii imebeba maiti." Watu wakarudi nyuma hatua moja. Nikaona wanamwangalia kijana yangu kwa macho mbaya. Yeye alikuwa ameshika usukani tu, jasho inatoka, haangalii upande.

Mtoto wangu aitwe mwizi, na mimi nimekaa hapo na kitambaa ya harusi? Nilisukuma ule mlango na miguu mpaka ikafunguka. Nikashuka kwa matope. Nikasema kwa sauti yangu yote, na mimi niko na sauti:

"Hajabeba kitu! Ni chuma! Hii gari haiingii risasi!"

Ikawa kimya kama ndani ya gari.

Halafu wakacheka. Halafu wakaanza kugonga. Huyu anagonga kioo, huyu anagonga mlango, mama mmoja anaweka sikio. "Aki ni kweli, sikia inalia aje!" Watu walitoka kwa posho mil, mashine ikazimwa, mwenye mashine mwenyewe akaja na unga kwa nyusi. Yule wa bodaboda alikuwa ameokota jiwe.

"Mathe, tujaribu?"

"Wewe, weka chini!" muuzaji alikuwa anapiga kelele. "Weka hiyo jiwe chini, boss! Haijanunuliwa!"

"Si umesema haiingii?"

"Risasi! Sio jiwe!"

"Kwani jiwe ndio kali?"

Nilicheka mpaka nikashikwa na kikohozi. Hata sasa nikikumbuka viatu za yule muuzaji kwa matope, akikinga kioo na mgongo, nacheka. Jirani yangu alikuwa ananiuliza, na mimi ninamjibu. Kwamba inazuia ndogo na kubwa haizuii. Kwamba kioo haifunguki. Kwamba ni ya kijana yangu, ni ya Alhamisi, wale wa mkebe sasa watajua hawajui. Nilieleza vizuri. Nafikiri nilieleza vizuri kuliko muuzaji.

Trekta ya mtu wa kabeji ndio iliivuta. Tulipofika nyumbani, kabla nioshe miguu, simu ikalia. Ni dada yangu. Yeye anakaa Kihoto, kule Naivasha, mahali ziwa inaingia watu kwa nyumba.

"Nasikia mmenunua gari ya vita," akasema.

"Nani amekuambia?"

"Watu."

Kutoka posho mil yetu mpaka Kihoto! Nilifurahi hata. Nikamwambia, ungeona kioo. Nikaendelea kidogo. Nilipogeuka, kijana yangu alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia. Muuzaji alikuwa nje anaosha gari na maji ya kunywesha ng'ombe.

Niliweka chai. Alikaa kwa kile kiti chake cha kuangalia mlango. Hakukunywa hata nusu. Akaniuliza, na hakuwa na hasira, aliuliza kama mtu anauliza chumvi.

"Mum. Ile mkebe ya kitambaa nyekundu. Uliambia nani?"

Nikafungua mdomo niseme hakuna mtu. Na mdomo ikiwa wazi hivyo, nikakumbuka.

Ilikuwa kwa foleni ya posho mil, wakati wa kiangazi, mashine ilikuwa imekosa stima na tumekaa kwa magunia tukingoja. Kila mtu alikuwa anasifu mtoto wake. Mmoja wake amejenga, mmoja wake amepata kazi ya meli. Mimi nikasema yangu ndio ana akili, pesa yake ya Alhamisi inalala kwa mkebe ya maziwa, na kitambaa nyekundu ndio asichanganye. Watu walicheka sana. Nilisimulia vizuri hata nikafanya na mikono vile anafunga. Niliona ni hadithi ya kuchekesha. Wakati huo sikuangalia nani amekaa kwa foleni, nani amesimama na bodaboda pembeni.

"Niliambia posho mil," nikamwambia.

"Posho mil yote?"

"Wale walikuwa."

Akatingisha kichwa pole pole. Kumbe alikuwa ameshajua. Nafikiri alijua siku ile ile alipoambiwa maziwa apelekee watoto, na hakuniambia, alitafuta gari.

"Leo pia umewaambia," akasema. "Sasa watakuja na ile kubwa. Ama wataningoja nikishuka kwa mlango wako."

Nilienda kwa chumba, nikatoa taito chini ya godoro, nikaiweka kwa meza mbele yake, nikamwambia kama anaitaka hiyo gari achukue, au auze kishamba anunue ile ya risasi kubwa, mimi nitalima hapa kando ya nyumba. Aliiangalia. Akaikunja vile ilikuwa imekunjwa, akanirudishia.

"Peleka chini ya godoro," akasema. "Na hiyo pia usiambie mtu iko wapi."

Ni vile sasa nimewaambia. Lakini nimeihamisha.

Gari ilirudi na muuzaji siku ile ile. Nilimpatia yule kijana gambuti za marehemu mzee wangu, zile zake zilikuwa zimeisha, na kabeji mbili. Sijui kama aliuzia mtu mwingine. Watu wakiniuliza kama gari kama hiyo ni ya maana, na wananiuliza, kwa sababu huku mimi ndio nimekaa ndani yake, nawaambia kioo ni kizuri na mlango ni mzuri. Labda kuna mtu anawindwa kila siku, anakaa mahali hajulikani na mtu, barabara yake ni lami mpaka kitandani, na mama yake ni bubu. Huyo anunue.

Kijana yangu bado anauza mbuzi. Wachinjaji amewaambia ni kulipa kwa simu ama waende kwingine, wakanung'unika mwezi mmoja, wakanyamaza. Mkebe ya kitambaa nyekundu haiko tena, iko ya maziwa peke yake. Ile shimo kwa mlango hajaiziba. Na hana siku. Anaweza kuja Jumatatu, anaweza kukaa wiki mbili, anaweza kutokea asubuhi nikikamua ng'ombe, anakunywa chai amesimama.

Mara ya kwanza nilimuuliza kwa simu, "Alhamisi unakuja?" Akasema, "Nitaona, mum." Nikamuuliza, "Basi Ijumaa?" Akasema vile vile, "Nitaona." Nikaelewa. Sikuuliza tena.

Kwa posho mil bado wananiuliza. "Shosho, kijana anakuja lini?" Nasema sijui. Wanacheka, wanafikiri nimejifunza kuficha. Mimi nabeba unga yangu nakuja nyumbani, napika ya watu wawili kila siku, najaza termosi. Jioni asipokuja namimina chai kwa sufuria, na maziwa ya watoto naipelekea jirani.